Cirillo Aliyewarukia Nyamera

Cirillo Jada wa Lemon Gaba, mtaa wa Juba, ni mfupi, na ukimkuta sokoni humdhanii kitu. Mimi mwenyewe nilimdharau. Mwaka 2015, vita vimefunga barabara za kutoka Juba, tuliajiriwa kuwavika nyamera mikanda ya redio shingoni, ijulikane makundi yanapita wapi. Mimi nilishika kipimajoto na saa. Yeye kazi yake ilikuwa kuruka.

Helikopta inamfukuza mnyama, anafyatuliwa wavu. Akianguka tu, Cirillo anaruka kutoka helikopta, kimo cha paa la nyumba, anakaba pembe, anafumba macho ya mnyama kwa kitambaa, anamfunga miguu, peke yake. Ndipo sisi tunatua. Nyamera akihangaika dakika nyingi mwili huchemka na moyo husimama. Ukichelewa umeua.

"Utamweza? Ana kilo mia na zaidi," nilimtania.

"Dada, mimi iko tayari. Ngoja uone."

Wa kwanza alikuwa jike. Cirillo aliruka, akabiringika vumbini, akamdaka. Teke likampata ubavuni, hakuachia. Kitambaa kikafunga macho, kamba ikazunguka miguu.

Tulipoanza kushuka, nikamwona amejilaza kifudifudi. Niliujua mlalo ule. Sisi tuliokulia Juba ya mabomu, kabla hatujakimbilia Uganda, tulifundishwa hivyo mapema kuliko kusoma: ukisikia mngurumo angani, lala, ziba masikio. Mwili wake ulisikia, ukatii.

"Mpumbavu we, ataponyoka!" nilipiga kelele. Kamba haikuwa imekazwa, na nyamera akikurupuka ndani ya wavu huvunjika shingo.

Nikakimbia nimeinama. Jike alikuwa ametulia tuli, anahema. Kifua cha Cirillo kilikuwa juu ya shingo yake, na viganja vyote viwili vimeziba masikio ya mnyama. Yake mwenyewe yalikuwa wazi kwa ule mngurumo wote. Sikuwahi kuona kitu kama kile, na niliona aibu.

Nilisoma kipimajoto: joto la kawaida. Daktari wa wanyama akafunga mkanda, jike akainuka, akalifuata kundi.

"Malesh, samahani, dada," Cirillo alisema, bado yuko chini. "Mama ilinifanya hivi, kule mtaa ya Buluk, wakati ya mabomu. Masikio yake haikuziba. Mpaka leo haisikii."

Kisha akajipangusa vumbi, akapanda. Siku ile aliruka mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja akalala vilevile.