Arvilla Pospisil na Bunduki Mbili za Kuazima

Huku kwetu magharibi ya Nebraska, Arvilla Pospisil anajulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba amewauguza wazazi wa karibu kila nyumba katika makao ya wazee ya mjini, na kwa miaka thelathini na mmoja hakuna mzee aliyewahi kuamshwa na mlango alioufunga yeye. La pili ni kwamba, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, bado hushindana katika mchezo wa bunduki tatu.

Katika mchezo huo mshindani hukimbia kwenye kokoto kutoka shabaha hadi shabaha, akitumia bastola, bunduki ya masafa marefu, na bunduki ya marisawa, ile imwagayo chembe nyingi ndogo za risasi, ya aina inayojipakia yenyewe kila inapolia. Saa huanza kwa mlio mmoja na haimsubiri mtu. Bastola na bunduki ya masafa hazijawahi kumwaibisha Arvilla. Iliyomwaibisha ni hiyo ya tatu. Mwaka jana, katika kituo cha mwisho cha mashindano ya klabu yetu, bunduki yake ya marisawa, kuukuu aliyoipata kwenye mnada wa shamba, ilibana ganda tupu mara mbili. Klabu hupeleka watu wanne kwenye mashindano ya jimbo. Arvilla akawa wa tano.

Baada ya mwaka huu hakungekuwa na mwingine. Goti lake la kulia limekwisha, na daktari amepanga kulibadilisha msimu wa mavuno. Baada ya hapo atatembea vizuri, lakini hatakimbia tena kwenye kokoto. Kwa hiyo mwezi wa nne, mumewe Duane alipokuwa akichovya mkate wa mdalasini katika bakuli la nyama na maharage yenye pilipili, Arvilla alimwambia, "Mwaka huu naenda jimbo. Na siendi kutazama."

"Basi nichukue mimi badala ya hilo libunduki, mama watoto. Mimi sijawahi kukwama."

"Wewe unakwama kitandani kila asubuhi, Duane. Sogeza bakuli."

Kesho yake alikwenda kwa Merle Vrana. Merle huuza bunduki nyuma ya duka la pembejeo, baina ya mawe ya chumvi ya ng'ombe na viatu vya mpira, naye ni bingwa wa klabu kwa miaka minne mfululizo. Alimpa bunduki nyepesi, nyembamba, ambayo hujipakia kwa nguvu ya teke lake lenyewe inapolia.

"Chukua hii, dada. Haishiki uchafu, haina uzito. Mimi mwenyewe natumia kama hii."

Arvilla akaitazama rafu. "Na ile?"

"Ile? Ile ya kuwindia bata. Inaendeshwa na gesi ya baruti. Nzito, halafu inakula masizi kama dohani."

"Niazime zote mbili."

"Unachagua bunduki au mchumba?"

"Mchumba nilimchagua kwa siku moja, Merle. Na unamjua alivyo."

Merle akacheka, akazifunga zote mbili katika mifuko yake.

Arvilla alipanga jaribio lake kama apangavyo dawa za wagonjwa. Kila bunduki ingepigwa kwa risasi zile zile, za bei ya chini kabisa, kwenye tuta la udongo mwisho wa malisho yao. Haingesafishwa wala kutiwa mafuta mpaka ikatae. Ikikataa, angeandika katika daftari ni risasi ya ngapi, na mikono yake ilikuwa ikifanya nini wakati huo. Hilo la mwisho ndilo ambalo wengi wetu tusingelifikiria.

Ile nyepesi ilikuwa raha mikononi. Ilikwenda risasi mia mbili na kumi na mbili bila neno. Ya mia mbili na kumi na tatu, alivuta kifyatulio akasikia "tik", basi. Risasi imo ndani, haijaguswa. Akaitoa, akaendelea. Ya mia mbili na sitini ikafanya vile vile, na inayofuata nayo. Akatazama daftari lake. Mara zote tatu ameandika maneno yale yale: *nimetoka kufunga komeo*, yaani kile chuma kinachoteleza kuziba chemba nyuma ya risasi.

Alimwita Merle. Merle akaja na kofia yake yenye nembo ya kampuni ya mbegu za mahindi, akapiga risasi hamsini mfululizo, na zote zikalia.

"Bunduki nzima hii."

"Kwako nzima. Nitazame mimi."

Arvilla akatia risasi chemba, akashika kishikio cha komeo, akalisindikiza taratibu mpaka likafika mwisho.

"Ngoja," Merle akasema. "Rudia. Huo mkono unafanya nini?"

"Unafunga."

"Unafunga kama kuna mtu kalala humu ndani."

Arvilla akautazama mkono wake wa kulia. Hakuwa ameufundisha kufanya hivyo, wala hakuwa amewahi kuona kwamba unafanya hivyo. Ulijifundisha wenyewe katika korido ndefu za makao ya wazee, mlango baada ya mlango.

Merle akamweleza kwa upole kuliko kawaida yake. Katika bunduki za aina ile, komeo huachiwa lijipige lenyewe. Kichwa chake lazima kizunguke hadi mwisho ili kijifunge. Ukilisindikiza, kinaishia njiani, na ukivuta kifyatulio hupati kitu.

"Kwa hiyo ubovu si wa bunduki, dada. Ni wa mkono. Na mkono unafundishika."

"Hapo sawa," Arvilla akajibu. "Nitaufundisha."

Kwa wiki mbili aliufundisha jikoni, kwa risasi bandia zisizo na baruti. Kuvuta, kuachia, *klak*. Kuvuta, kuachia, *klak*. Paka akahamia bandani.

"Hiyo ya ngapi?" Duane aliuliza kutoka sebuleni.

"Mia nne na kumi."

"Mwisho ni ngapi?"

"Mwisho ni nikiweza."

Na aliweza. Akiwa peke yake, aliachia komeo mara hamsini katika hamsini. Mtu mwingine angeirudisha ile nzito dukani siku ile na kuhesabu kazi imekwisha. Arvilla hakuridhika, kwa sababu jikoni hakuna anayemwogofya mtu. Akamwomba Jolene Tiede, dereva wa basi la shule ambaye ndiye mwamuzi wa klabu yetu, aje na saa ya mlio na sauti yake yote.

Jolene hakumwonea huruma. "Kimbia, mama! Unakimbia au unahesabu ndama? Risasi iko wapi? Bibi yangu anapakia haraka kuliko wewe, na alikufa mwaka wa sabini na nane!"

Katika mara ishirini za kelele, mkono ulirudia upole wake mara tatu. Siku ya pili mara tatu. Siku ya tatu, mara nne. Jolene akazima saa, akakaa juu ya ndoo.

"Unajua mwenyewe unapofanya?"

"Sijui. Najua baadaye, nikisikia *tik*."

Hapo ndipo alipoanza kuipa ile nzito saa zake zote. Ilimuumiza mabega, na ilichelewa kugeuka kutoka bamba moja la chuma kwenda jingine. Lakini ilikula risasi. Mia ikapita, mia mbili, mia tatu. Ya mia tatu na arobaini na saba ikashindwa kutoa ganda, na alipoifungua alikuta masizi mazito kama chini ya sufuria. Akaisafisha, akaanza upya. Ikakwama kwenye mia tatu na hamsini na mbili. Akaisafisha tena. Mia tatu na thelathini na tisa. Kisha akafanya jambo moja zaidi: alilifunga komeo lake polepole, kwa makusudi, mara mia moja. Springi yake kubwa ilimalizia safari kila mara, na bunduki ikalia mara mia moja.

Zikiwa zimebaki siku kumi kabla ya mashindano ya klabu, akalipeleka daftari dukani. Merle akalisoma akiwa amesimama.

"Unaona? Nilikwambia inakwama."

"Inakwama baada ya mia tatu na thelathini na kitu. Mashindano yote yanataka mia moja na ishirini."

"Itakuchelewesha sekunde mbili kila kituo."

"Mbili na nusu. Nimepima."

"Arvilla, mimi nauza vitu hivi. Hakuna mtu atakayekwenda jimbo na zigo la bata."

"Mimi sitafuti bunduki isiyokosea, Merle. Hakuna. Natafuta ambayo najua itakosea lini. Hii yako inakosea mimi nikiogopa. Na siku ile nitaogopa."

 Mteja mmoja aliulizia dawa ya minyoo ya ng'ombe, akaonyeshwa kwa kidole. Kisha Merle akavuta tupa kutoka mtoto wa meza.

"Nipe hapa. Huu mdomo wa kupakilia ni mwembamba, utakuchubua vidole. Njoo kesho jioni, utaikuta nimeupanua."

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tano, siku ya mashindano, upepo ulivuma kutoka kusini ukiwa na vumbi la mashamba yaliyotoka kupandwa. Arvilla alikuwa ameisafisha bunduki siku iliyotangulia. Vituo vilikuwa sita. Katika vitano vya kwanza hakuna kilichokwama, na hakuna kilichokwenda haraka. Alishikilia nafasi ya nne, akimzidi mfugaji mmoja wa nguruwe kwa sekunde tano, naye mfugaji alikwisha kupiga kituo cha mwisho, na amekipiga vizuri.

Kituo hicho kiliwataka wakimbie na bastola, waiweke katika kasha ikiwa salama, kisha wachukue bunduki ya marisawa iliyolala mezani tupu, komeo wazi, na kuangusha mabamba manane. Saa ikalia. Arvilla akakimbia kwa namna yake ya kuutupa mguu wa kulia pembeni. Bastola yake ilimaliza kazi, akaifunga usalama, akailaza kashani mwake. Akainua ile nzito, akatia risasi moja chemba, na mkono wake wa kulia ukashika kishikio, ukalisindikiza komeo kwa upole mpaka ndani.

"Amelisindikiza," Merle akasema nyuma ya kamba.

Bunduki ikalia. Bamba la kwanza likalala chali.

Akapakia risasi nne nne, moja ikamponyoka ikadondokea kwenye kokoto. Hakuinama. Akachomoa nyingine mkandani. Mabamba yakaanguka moja moja, bila haraka, na la nane likapigwa ukingoni, likayumba, likafikiri, likaanguka.

"Kama umemaliza, toa risasi, onyesha bunduki," Jolene akasema kwa sauti ya kazi. Arvilla akafungua komeo, akaonyesha. Jolene akaisoma saa, akamsomea mwandishi, kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Sekunde moja na vipande, mama. Umemzidi."

Mfugaji wa nguruwe alikuja kumpa mkono. "Yaani nimeshindwa na zigo hili?"

"Umeshindwa na sekunde moja. Zigo nimelibeba mimi."

Jolene akaandika majina manne kwenye ubao wa klabu, la Arvilla likiwa la chini. Duane akaleta mfuko wa barafu na kiti cha kukunja. Arvilla alikaa, akaiweka barafu juu ya goti, akalisoma jina lake mara moja, kisha akamgeukia mwamuzi.

"Jolene, kule jimbo wanakimbia kwenye majani au kokoto?"

"Kokoto. Na kuna kilima."

"Kirefu?"

"Kirefu."

Arvilla akalibonyeza goti kwa kidole gumba, kama alibonyezavyo la mgonjwa, kutafuta mahali hasa panapouma.

"Zimebaki wiki sita," akasema. "Duane, kesho tunatafuta kilima."