Mashine ya Chini ya Kitambaa

Utoto wangu wote ilikaa sebuleni, chini ya kitambaa cheupe ambacho mama alikidarizi mwenyewe, na juu ya kitambaa ziliwekwa tasbihi za babu. Ilikuwa chuma kizito chenye mkono mmoja upande wa kulia. Shangazi alisema ni mashine ya kuwekea pesa ya duka la babu. Jirani yetu wa hapa mtaani Mangobo, ambaye anajua kila kitu, alisema ni redio ya Wabelgiji. Hakuna aliyejisumbua kufunua na kuangalia. Sisi ni watu wa heshima, wajukuu wa wafanyabiashara. Kitu tukishakifunika, tumekifunika.

Papa, baba yangu, alikuwa fundi wa mashine za kushona. Watu walimletea mashine kutoka Bengamisa, na kutoka Isangi kwa mtumbwi wa pirogi, nyingine zimezama mtoni, naye akazifufua. Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho kilikuwa nyumbani kwake. Kila Idi, tukishamaliza pilau, tonton, mdogo wake papa, alikikazia macho akamuuliza kaka yake: "Yaya, ile kitu utatengeneza siku gani?"

"Kesho," papa alijibu, na watu wote wakacheka.

Mimi niliona aibu. Nilikuwa najifunza kazi kwake, na hakuwahi hata siku moja kuniita fundi. Aliniita "ule mwenye kunisaidia", mpaka nikawa na ndevu na watoto watatu.

Alipokufa aliniachia karakana na kile chuma. Siku ya tatu ya msiba tonton, mtu wa safu ya kwanza msikitini, akatangaza mbele ya wote: "Kisha arobaini, ile kitu tunaitupa mu mto. Iko haramu." Haramu gani, mashine ya duka? Sikuuliza. Nilikuwa nimeshaamua kuitengeneza kabla ya arobaini, ndugu waje waikute inatembea, yaani inafanya kazi, waseme mtoto amempita baba. Ndiyo, udongo wa kaburi haujakauka na mimi nashindana na marehemu. Nilikuwa mtoto mwema sana.

Nikawajigambia ndugu, nikaipeleka karakana, nikaisugua kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani. Chini ya uchafu kikatokea kioo, na nyuma ya kioo magurudumu matatu yenye picha: malimau, kengele, na matunda madogo mekundu ambayo hapa Kisangani hayajawahi kuota. Juu kulikuwa na tundu. Nikajaribu sarafu ya kale yenye picha ya mchikichi, ikapita. Chini kulikuwa na kikombe cha kupokelea. Hata mimi nilielewa. Ilikuwa mashine ya kamari, na tasbihi za babu zilikuwa zimekaa juu yake miaka yote hiyo. Nilicheka peke yangu mpaka mteja akaniuliza kama niko mgonjwa.

Mkono wa mashine ulikuwa unaning'inia tu. Springi kubwa haikuwepo. Kumbe hicho ndicho kilichomshinda mzee, nikasema, springi tu. Mimi bingwa nikanunua ya kiki ya pikipiki, nikaikata, nikaitia motoni, nikaikwangua kwa tupa majuma mawili, huku wateja wakinilaani. Arobaini ikikaribia nikafungua bamba la chini nipate pa kuifunga. Ndani nikakuta kifurushi cha kitambaa chenye mafuta, kimefungwa kwa uzi mweusi, mizunguko mitatu, fundo la papa.

Karakana yetu ina sheria moja. Ukitoa kifaa kwenye mashine ya mtu, hukiweki kwenye droo. Unakifunga kwa kitambaa chenye mafuta na kukiacha ndani ya mashine ileile mpaka mwenyewe arudi, kisichanganyike na vya wengine. Nimefunga vifurushi hivyo maisha yangu yote. Nikafungua hiki: springi yenyewe, haina hata kutu. Papa hakushindwa. Aliitoa kwa mkono wake, na angeirudisha kabla chai haijapoa. Nilikaa chini, na iliniuma sana.

Kiburi hakikuisha hata hivyo. Nikaipachika, nikavuta. Magurudumu yakazunguka, yakasimama moja baada ya lingine kwa kishindo. Nilipogeuka nikamkuta tonton mlangoni, ametoka sala ya alasiri, amekuja kuongea habari za mchele wa arobaini. Hakutoa salamu. Alikuja moja kwa moja, akashika mkono wa mashine, akauvuta nusu, akasikiliza, akauachia polepole. Mimi niliyekaa nayo zaidi ya mwezi sikujua kwamba inavutwa hivyo.

"Mutoto wangu wa kwanza alizaliwa mimi niko mbele ya hii kitu," alisema. "Siku tatu, kule ku baa ya bandari. Papa yako akakuja. Akapatia mwenye baa mashine zake mbili za kushona, akabeba hii mpaka nyumbani. Akaniambia: utaiona kila siku, lakini haitatembea tena."

"Na kila Idi ulikuwa unamuuliza."

"Nilikuwa namuuliza kweli." Mkono wake ulikuwa bado juu ya chuma. "Sasa yeye hayuko. Nani ataniambia kesho? Njo sababu nilisema tuitupe." "Acha nivute moja. Moja tu."

Mzee wa safu ya kwanza alikuwa ananiomba mimi, mtoto wa kaka yake. Nilimhurumia kuliko nilivyowahi kumhurumia mtu. Nikachukua bisibisi, nikafungua bamba, nikatoa springi. Kitambaa, mafuta, uzi mweusi, mizunguko mitatu. Alinitazama mpaka fundo la mwisho, kisha akakaa kwenye benchi la wateja akalia.

"Bon, usiitupe," alisema baadaye. "Ikae kwako."

Siku ya arobaini mashine ilikuwa imerudi sebuleni, chini ya kitambaa. Tasbihi niliziweka kabatini, nikamwambia mama ni kwa sababu ya vumbi. Ndugu waliuliza ile kazi kubwa niliyojigamba nayo imefikia wapi. Nikawaambia imenishinda.

Idi ikafika. Tulimaliza pilau, na tonton safari hii hakuitazama mashine, alinitazama mimi.

"Fundi," alisema, "ile kitu utatengeneza siku gani?"

"Kesho," nikamjibu.

Watu wote wakacheka, na shangazi alicheka kuliko wote.