Mnazi wa Wangu

Jirani yetu Wangu alipohamia Kisumu Ndogo, hapa Malindi, mwaka wa themanini na moja, alijenga kibanda cha udongo juu ya ardhi ya Bi Mahfudha, kama sisi sote. Nyumba yako, ardhi yake, nawe humlipa kodi. Jambo moja tu hulifanyi: hupandi mti wa kudumu. Huku pwani, apandaye mnazi kwa mwenziwe anadai ardhi.

Wangu ni mtu wa bara, hakujua. Alipanda mnazi mbele ya mlango wake. Nilimwonya, akacheka. Nilikasirika, maana mgeni asiyeuliza hutuponza sote. Bi Mahfudha aliuona mche ule, akanuna.

Baada ya miaka miwili baraza la mji likataka kutuhamishia maporini, kila mtu apewe kiwanja kikubwa. Kiwanja hakiliwi. Wangu aliuza mboga sokoni na alikwenda kwa miguu. Kule faida yote ingeishia kwenye nauli. Tulikataa katakata. Kalama, afisa wa mipango, akatusikiza: tungebaki papo hapo kwenye viwanja vidogo, vichochoro vinyoshwe, barabara na bomba la maji vipite. Lakini mwenye ardhi ndiye angetaja wa kubaki.

Bi Mahfudha alitutaja sote ila Wangu.

Wangu alinijia analia, nami hasira zikaniisha. Akashika panga, nikamfuata hadi kwa Bi Mahfudha.

"Shikamoo, Bi Mahfudha. Ule mnazi nitaukata leo," akasema Wangu.

"Marahaba. Kwani waitaka ardhi yangu?"

"Nilitaka nazi tu, mama. Kwetu hazimei."

Bi Mahfudha akacheka mpaka buibui likamteleza. Alimwita Kalama, akamuuliza barabara itapita wapi. Ikawa ni mbele ya mlango wa Wangu, na mnazi ukingoni.

"Basi uacheni," akasema. "Hapo ni njia, si pangu wala si pake. Naye mwandike."

Leo tumebanana na tumeridhika. Maji yako karibu, soko liko karibu, na jirani akikaanga samaki sote twajua.

Mwaka wa themanini na nane mnazi ulizaa. Wangu alimpelekea Bi Mahfudha nazi kavu za kwanza. Bibi akazipokea, akachagua moja, akamrudishia.

"Hii kaipande," akamwambia. "Uani kwako."

Safari hii Wangu aliuliza achimbe wapi.