Nyama ya Korongo Chini ya Mnara

Kazi ya kuhesabu ndege waliokufa nilipewa kwa sababu mimi ndiye ninayeandika muhtasari wa vikao vya kijiji. Nimeishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu unasomeka. Afisa wa pori la akiba alikuja kwetu Ivuna mvua zilipokaribia, wakati korongo wanaotoka Ulaya wanashuka kuelekea Ziwa Rukwa. Akaniambia: kila asubuhi nenda kwenye mnara wa simu, andika unachokiona. Kampuni ilitaka kujenga mnara wa pili, mrefu zaidi, jirani na ziwa. Daftari langu likionyesha kwamba nyaya zinazoushikilia ule wa kwanza zinaua ndege, wa pili hautajengwa pale.

Sikuwa na chuki na mnara. Mke wangu aliposhikwa na uchungu, simu ndiyo iliyoita gari. Hilo nililiandika ukurasa wa kwanza, nisionekane nimeegemea upande.

Nilikuwa nafika jua likichomoza. Nakuta manyoya, damu kidogo kwenye majani, ndege hakuna. Naandika: "Manyoya. Ndege sikuona." Kesho yake nawahi zaidi, nakuta yale yale. Nikaanza kujishuku. Labda macho yangu. Labda fisi.

Wiki ya kikao cha kuamua kuhusu mnara wa pili nilipita kwa shemeji, mdogo wa mke wangu, anayechemsha chumvi na wenzake. Mara kwa mara alituletea bakuli la nyama, nami nikidhani ni kanga. Siku hiyo nikaona miguu mirefu myekundu imetupwa kando ya meko.

"Shemeji, nini hii?"

"Si kitoweo chako hicho!"

"Mnaokota mnarani?"

"Tunapita pale tukienda kuni, wewe bado umejifunika. Ulitaka tuwaachie fisi?"

Mwenzake akadakia: "Jamani, mkaguzi anahesabu huku anatafuna!" Wakacheka hadi wakashika mbavu.

Mimi sikucheka. Kuchukua mnyama wa pori bila kibali ni kesi. Nikisema, shemeji anaweza kufungwa. Nikinyamaza, daftari litasema nyaya haziui, na mnara wa pili utajengwa. Nilizunguka uani mpaka mke wangu akasema, "Hebu kaa, unanitia kizunguzungu."

Kikaoni mtu wa kampuni alisema kwa upole kwamba daftari halina hata ndege mmoja. Alisema kweli, halikuwa naye. Nikasimama.

"Daftari linakosea. Korongo wanakufa pale. Nimewala mwenyewe."

Watu wakaguna. Afisa akauliza, "Wangapi?"

"Sijui. Nilidhani ni kanga."

"Nani alikupikia?"

"Aliyekula ni mimi. Niandike mimi."

Akanitazama, kisha akaandika jina langu. Ujenzi umesitishwa mpaka hesabu irudiwe, na atahesabu mtu mwingine. Mimi nimeitwa ofisini kwa afisa, Vwawa, Jumatatu, nikajieleze.

Jioni shemeji alikuja, hakukaa. "Umetuokoa au umetuuza?"

Tangu hapo nainuka, nakaa, nainuka. Swali la afisa, nani alinipikia, lilikuwa la haki, nami nililikwepa, mimi niliyejidai kuandika kila kitu kama kilivyo. Jumatatu ataliuliza tena. Shati la kuvaa nimeshalifua. Jibu bado sina.