Ma Vestina Hana Chaji

Vestina hakununua gari la umeme ili apendwe na mtu. Hilo lijulikane mapema, maana pale Nshambya, mtaani kwake Bukoba, walikuwepo waliodhani anatafuta sifa, na kule Nshamba kwa wakwe zake walikuwepo waliodhani amerogwa. Mwanamke wa miaka sitini na tatu, mjane, goti moja bovu, anachukua kiinua mgongo chake chote na kuagiza Japani kigari kisicho na tangi la mafuta! Mtaani wakampa jina la Ma Pasi, kwa kuwa gari lake linachomekwa ukutani kama pasi. Alilisikia akaendelea kupita. Siku alipochoka aliteremsha kioo pale kituo cha bodaboda akawaambia, "Pasi hunyoosha. Endeleeni tu, nitawanyoosha." Tangu siku hiyo jina likawa linatajwa akishapita.

Sababu ya gari ilikuwa kibanja, lile shamba la nyumbani. Mumewe, marehemu Philbert, amezikwa Nshamba katikati ya migomba na mibuni aliyoipanda kwa mikono yake. Kabla hajafa aliandika karatasi mbele ya mwenyekiti wa kijiji kwamba nyumba na kibanja ni vya Vestina, mradi avitunze. Mradi avitunze! Neno dogo, lakini lina meno. Binti yao ni mmoja tu, Joviana, na yuko Mwanza kwa mume. Kaka mkubwa wa marehemu, Rutaihwa, tangu watu walipoanua matanga alikuwa akipita mpakani akitazama ile mikungu kama mtu anayetazama sahani ya jirani. Vestina alimwona, na hakuhitaji kuelezwa.

Kwa nini asihitaji? Kwa sababu miaka ishirini na tisa alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo. Kesi za wajane na vibanja aliziandika mpaka vidole vikaota sugu. Alijua kwamba mjane asiyeonekana kwenye kibanja chake huanza kusahaulika, na akisahaulika anakuja mtu kuangalia mali "kwa muda". Kwa hiyo kila Ijumaa alitaka aonekane Nshamba, jembe mkononi. Basi lilimshusha mbali, goti likalia. Bodaboda ilimwangusha mara moja, ikatosha. Gari lake la zamani la petroli lilikuwa linakunywa kuliko mlevi wa rubisi.

Muharami, fundi umeme wa Bukoba mjini, ndiye aliyemshauri bila kumdanganya. "Bi Vestina, betri ya mtumba ni kama mzee," alimwambia. "Gari likijaa, litakwenda kilomita mia na kidogo kwenye tambarare."

"Na Kagera ina tambarare wapi?"

"Ndiyo nakwambia. Mlima wa Kamachumu utakula. Ila ukiteremka linajirudishia kidogo. Na usinichomekee waya mwembamba wa redio, utachoma nyumba."

Muharami akafunga waya mnene na soketi nzito nyumbani kwa Vestina, Nshambya, akachimbia na nondo ya ethi, ya kupeleka ardhini umeme uliopotea njia. Halafu akapanda naye hadi Nshamba, akafunga soketi kama hiyo barazani kwa marehemu. Utaratibu ukawa huo. Ijumaa anatoka Bukoba gari limejaa, anapita Muhutwe, anapanda mlima polepole malori yakimpigia honi, anafika Nshamba limebaki kidogo. Analichomeka, analima, analala. Jumamosi mchana linajaa, anarudi. Umeme ukikatika anasubiri. Ana haraka ya nini? Miezi minane ilikwenda hivyo, na kibanja kikapendeza hadi wapita njia wakawa wanasimama.

Ijumaa moja ya masika alifika saa saba mchana. Mvua ilikuwa imempiga njia nzima, taa na kifuta kioo vimekula chaji, na dashibodi ilionyesha asilimia tisa. Akachomeka gari. Taa ya buluu haikuwaka. Akachomoa, akachomeka tena. Kimya. Akageukia mlango ili akaangalie meni swichi ndani, akakuta kufuli jipya, kubwa kama ngumi, ambalo hakulinunua yeye.

"Usijisumbue, shemeji," sauti ikatoka nyuma. Rutaihwa alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya ukingo wa paa la jiko la nje, fimbo kati ya magoti. Alikuwa amemsubiri. "Umeme nimeuzima. Kufuli nimebadilisha. Ukoo umekaa."

"Ukoo upi huo umekaa bila mimi, Ta Rutaihwa?" Vestina aliuliza, bado akimwita Ta kwa heshima.

"Ukoo wa wanaume. Wewe ni mtu wa mjini. Kibanja hakiwezi kutunzwa na mgeni wa Ijumaa. Nitakiangalia mimi." Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, na kalamu juu yake. "Weka saini yako hapa. Nakufungulia, unachaji hilo pasi lako, kesho unarudi Bukoba salama. Usipoweka, sijui utaondokaje. Na majirani nimeshawaambia: atakayempa umeme ana neno na mimi."

Hapo ndipo ujue ubaya wa mtu anayekujua. Rutaihwa hakulipasua tairi, hakumshika shati. Alikaa miezi minane akilisoma lile gari kimyakimya, akajua kwamba likifika Nshamba haliwezi kurudi bila soketi ile. Akaikamata soketi.

Vestina aliitazama karatasi, hakuigusa. Alitaka kulia, na alitaka pia kuchukua ile fimbo aivunje juu ya goti lake lililo zima. Hakufanya hata kimoja. "Acha nifikiri," alisema, na akachukia jinsi sauti yake ilivyotoka ndogo.

"Fikiri. Mimi siendi popote," Rutaihwa akajibu, akasimama, akaenda zake nyumbani kwake ng'ambo ya mpaka.

Jioni, jirani yake Klaudia alikuja akipita kwenye migomba, ameinama kama mwizi wa ndizi. Mkononi alikuwa na ncha ya waya.

"Chukua, Ma Vestina," alinong'ona. "Waya mnene, wa mashine ya kukoboa. Unafika mpaka hapa. Chaji usiku kucha, alfajiri uende zako kabla hajaamka. Akiniuliza, sijui kitu."

Vestina alikaribia kumkumbatia. Akaushika ule waya, akauvuta hatua mbili kuelekea gari. Uende zako, Klaudia amesema. Uende zako. Akasimama. Zikamjia zile kesi zote, nyuso zote za wale wanawake pale mbele ya meza yake. Swali lilikuwa moja kila mara, na yeye ndiye aliyeliandika: ulikuwa unakaa wapi wakati huo? Na jibu lilikuwa moja: nilikuwa nimeondoka. Mmoja alikwenda kwa kaka yake, mwingine kwa mwanawe, mwingine alikimbia matusi tu. Waliondoka kwa wiki moja tu, wakarudi wakakuta wengine wamekaa.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka Klaudia akaogopa, akaangalia kama kuna anayewasikia.

"Waitu, mwenzangu, una nini?"

"Klaudia, huyu mtu ana akili za kuku! Anataka niondoke, halafu anazima kitu pekee cha kuniondoa. Rudisha waya wako, dada yangu. Gari halina chaji. Nitakwendaje?"

"Lakini waya si huu hapa?"

"Waya gani? Mimi sijauona waya."

Klaudia alifikiri kidogo, halafu mdomo ukaanza kumcheza. Aliukunja waya wake akarudi alikotoka, na baada ya muda akaleta mkeka, blanketi na sufuria ya ndizi na maharage.

Basi Vestina akahamia jiko la nje. Jumamosi asubuhi Rutaihwa alikuja na karatasi yake, akamkuta shemeji yake amefunga kitenge kiunoni, anapunguza machipukizi ya migomba.

"Umeshafikiri?"

"Bado. Fikra zangu na gari langu vyote havina chaji."

Jumapili alikwenda misa kwa miguu, akichechemea, na hakujificha nyuma kama kawaida yake. Nje ya kanisa kila aliyemsalimia alimuuliza ile ile: "Leo bado upo? Si huwa unaondoka Jumamosi?" Naye akajibu kwa sauti ya karani anayeita kesi: "Gari halina chaji. Ta Rutaihwa amezima umeme na kufunga nyumba, kwa hiyo nakaa." Hakuongeza neno, na halikuhitajika neno. Nshamba ni mji wa soko, na habari ya mjane anayelala jikoni kwenye kibanja cha mumewe hainunuliwi. Kabla ya saa nane walikuwa wamepita watu kumi na wanne kulitazama gari. Wengine walileta ndizi, mmoja akaleta kuku, wote wakaondoka wakiangalia kufuli.

Jumatatu alikuja mwenyekiti wa kijiji, Projestus, ambaye muhuri wake ulikuwa kwenye ile karatasi ya marehemu. Vestina alimpa kiti, akampa buni za kutafuna kama mgeni anavyopewa, akamwomba jambo moja tu. "Mwenyekiti, andika ulichokiona. Umenikuta wapi, nafanya nini."

Projestus aliangalia palizi mpya, akaangalia moshi wa jiko, akaangalia mkeka. Akaandika, akapiga muhuri. Aliiacha nakala moja kwa Vestina na nyingine akaipeleka mwenyewe kwa Rutaihwa.

Jumanne Rutaihwa akapasuka. Alikuja na wanaume sita na kamba. "Lisukumeni mpaka barabarani!" aliamuru. "Lije livutwe na lori!"

Wale wanaume walisukuma. Gari halikusogea hata unene wa kidole, kwa kuwa Vestina aliliacha kwenye gia ya kuegesha na ufunguo alikuwa ameufunga kwenye pindo la kitenge. Yeye mwenyewe alikuwa mlangoni mwa jiko akimenya ndizi, wala hakuinuka.

"Sukumeni vizuri, wanangu," aliwaambia. "Ila mjue, mkiliburuta na matairi yakiwa chini hivyo, mtaua mota. Na atakayeua mota ndiye atakayenibeba mgongoni mpaka Bukoba. Mimi ni mzito, nawaambia kabisa."

Mmoja akacheka, kisha wa pili. Kamba ikaanguka chini. Edvina, mke wa Rutaihwa, aliyekuwa amesimama mpakani na beseni la nguo, ndiye aliyemaliza. "Mume wangu," alisema, wote wakisikia, "mwanamke huyu angekuwa ameondoka Jumamosi. Wewe ndiye uliyemfungia humu." Wanaume sita walikunja kamba yao wakatafuta njia. Rutaihwa alibaki amesimama peke yake mbele ya gari, akipumua kwa nguvu.

Jumatano alikuja bila karatasi. Uso ulikuwa umemshuka, na kwa nukta moja Vestina alimwonea huruma, maana alikuwa na macho ya Philbert. Ni nukta moja tu, ikapita. Rutaihwa akafungua lile kufuli, akaingia, meni swichi ikalia. Alipotoka aliweka kufuli juu ya ukuta wa baraza, ufunguo ukiwa bado ndani yake.

"Chaji," alisema. "Chaji, shemeji, uondoke. Watu wamenichoka."

Vestina akachomeka. Taa ya buluu ikawaka, ikaanza kucheza. Rutaihwa akakaa kwenye kigoda kulisubiri, kama mtu anayesubiri maji ya chai.

"Litajaa saa ngapi?"

"Kesho asubuhi, Mungu akipenda na umeme ukiwepo."

"Kesho!"

"Ndiyo maana nakuambia kila siku, shemeji. Hili gari halipendi haraka."

Usiku ule Vestina alilala chumbani, kwenye kitanda cha mumewe, na alilala kama mtoto. Alhamisi jua lilipochomoza, dashibodi ilionyesha mia moja. Alichomoa waya, akaukunja duara zuri, akauweka kwenye buti. Rutaihwa alikuwa ameshafika, amesimama kando ya njia, amewaondoa hata mbuzi ili gari lipite.

Vestina alifunga buti. Alichukua lile kufuli ukutani, akafunga nyumba, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kitenge pamoja na ule wa gari. Kisha akainua jembe lililoegemea nguzo, akaanza kuelekea kwenye mibuni.

"Shemeji! Gari limejaa!"

"Nimeliona."

"Si ulisema huwezi kuondoka?"

Vestina aligeuka, akamtazama bila hasira. "Mpaka jana nilikuwa siwezi," alisema. "Leo sitaki."