Duara Jekundu

Kabla sijamwona dada Zuhura, nilisikia bangili zake gizani. Alikuwa mwali, amefungiwa chumbani hadi siku ya kuchezwa, na mimi pekee, mdogo wake, ndiye niliyempelekea uji. Humo mlinukia moshi na mafuta ya nyonyo.

Alasiri hiyo aliona choa mkononi mwangu, duara jekundu lililozingira ngozi laini.

“Linakua,” nilimnong'oneza. “Limenizingira kama askari wa Wadachi walivyozingira kijiji.”

“Basi sema polepole, wasije wakaomba uji.”

Mama mkubwa alitusikia kutoka mlangoni. “Mwali hatolewi akiwa na choa, nawe utamwambukiza. Toka, mwanangu. Uji ataleta mwingine.”

Nilijikuna pale pekundu kwa hasira, maana ndipo nilipomwona adui.

Juzi, nikiwa mzee sasa, muuguzi aliutazama mkono wa mjukuu wangu wenye choa, akasema wekundu wa pembeni ni mwili wenyewe unaopigana na kuvu, na pale katikati umekwisha kushinda. Ningalijua, ningalimwambia dada kwamba askari wale wa mkononi mwangu walikuwa wetu. Lakini siku ile nilichukua kata tupu ya uji, nikatoka bila kumuaga, na mlango wa mianzi ukafungwa nyuma yangu.