Puti ya Madigadi ya Kushoto

Baba alipofariki, gari lake lilibaki mbele ya nyumba yetu Buruburu miaka sita bila kuwashwa. Paka walizaa chini yake mara mbili. Mwaka huu Mama aliamua kwamba gari ni la kaka yangu. Kaka hakulitaka. Alimwambia kwenye simu, kwa adabu zote, kwamba gari lile halitaingia bomani kwake. Mama akaamua kwamba tatizo ni rangi: likipakwa upya, kaka atakuja mwenyewe kulichukua. Kaka hajalala katika nyumba ile tangu akiwa na miaka kumi na saba, na Mama sasa ana sabini na sita. Gari lilikuwa kisingizio, na sote tulilijua hilo.

Kazi ikaniangukia mimi. Mimi ni mwalimu, shule zilikuwa zimefungwa, na watu wengi huamini mwalimu akiwa likizoni hana la kufanya. Nilikwenda Baba Dogo kwa fundi anayenyoosha mabodi ya magari, tukakubaliana kwamba yeye atapaka na mimi nitakwangua. Alinipa kopo la dawa ya kulainisha rangi, akanionya nivae glavu, kisha akanipa sharti moja.

“Toa mpaka chuma, madam. Puti haiwekwi juu ya puti. Ya chini ikilegea, ya juu inaanguka nayo.”

Puti ni ule mchanganyiko mzito ambao mafundi huzibia mahali palipobonyea kabla ya kupaka rangi. Sharti lenyewe halikuwa geni kwangu. Baba alikuwa karani wa reli, lakini kila Desemba, kabla hatujasafiri kwenda nyumbani Krismasi, alipaka upya lango na grili za madirisha. Alianza kwa kukwangua mpaka chuma king’ae, nasi watoto tulikabidhiwa misasa. Ukiacha rangi ya zamani, hata kipande kidogo kama ukucha, alikurudisha pale pale, akakionyesha kwa kidole na kusimama mpaka umalize. Nilimpenda, na nilichukia Desemba.

Nilianza na boneti. Dawa ile inanuka vibaya na inachoma hata kupitia glavu. Unaipaka, unangoja, rangi inavimba na kukunjamana kama ngozi ya maziwa, kisha unaikwangua. Juu kulikuwa na kijani, rangi tuliyoizoea. Chini ya kijani kulikuwa na nyeupe, rangi ya gari lile lilipokuwa fahari ya majirani wote. Chini ya nyeupe, chuma. Jirani mmoja, mwanamume wa rika langu tuliyekua pamoja, alipita kila asubuhi kunichokoza.

“Niaje, ticha? Unaimaliza hiyo gari ama inakumaliza?”

Nilimwambia tutajua Ijumaa.

Madigadi ya nyuma upande wa kushoto, lile bati la juu ya gurudumu, niliiacha mwisho. Nilijua kuna puti pale, maana Baba aliipaka mbele ya macho yangu.

Nilikuwa na miaka tisa. Jumapili moja wazazi walikwenda kanisani kwa miguu wakatuacha nyumbani, na kaka, bila ruhusa, akalichukua gari mpaka madukani na kurudi. Barabara ilikuwa ya mashimo. Jioni Baba aliona madigadi imebonyea na rangi imebanduka. Kaka alikubali kwamba aliendesha. Alikataa kwamba aligonga. Alisema hajagusa chochote, si lango wala ukuta, na akalirudia hilo mara nyingi hata likaanza kusikika kama uongo. Baba akanigeukia. Aliweka mkono begani mwangu, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo, akaniuliza kama sikusikia kishindo langoni. Nikasema nilisikia.

Wiki iliyofuata kaka alipelekwa kwa nyanya, huko magharibi, akamalizie shule kule. Alimaliza, akaoa, akajenga. Kwenye mazishi ya Baba alisimama nyuma kabisa na kuondoka kabla ya chakula. Baba mwenyewe alilitengeneza gari siku ile ile kaka alipoondoka, na likizo ya shule ilipofika akalipaka lote kijani. Alisema nyeupe inashika vumbi.

Alhamisi nilifika kwenye madigadi. Kijani kilitoka, kisha puti ya kijivu, ile niliyomwona Baba akiikandika. Pembeni yake nyeupe ilitokea kama nilivyotarajia. Nikafuata ukingo wa nyeupe kwa ncha ya skrepa ya kukwangulia kuelekea palipobonyea, nikitarajia chuma chini yake. Sikukuta chuma. Nilikuta puti nyingine, ya rangi ya waridi, ngumu na yenye nyufa, na ile nyeupe ilikuwa imepakwa juu yake. Nilichukua sumaku ya kwenye friji nikaijaribu. Ilianguka chini; hapakuwa na chuma karibu cha kuishika.

Nilikaa kwenye ndoo. Kaka aliendesha gari likiwa jeupe. Kama yeye ndiye aliyelibonyeza, nyeupe ingekuwa imevunjika na puti zote zingekuwa juu yake. Hii ya waridi ilikuwa chini. Gari lilikuwa limegongwa na kuzibwa kabla ya Jumapili ile, pengine hata kabla ya Baba kulinunua. Mashimo ya barabarani yaliitikisa puti hiyo ya zamani, ikadondoka kiasi, na mbonyeo ukaonekana. Nani aligonga, sitajua kamwe.

Hilo ningeweza kulipokea. Kilichonikalia vibaya ni kijivu juu ya waridi. Baba, ambaye hakuvumilia kipande cha rangi kidogo kama ukucha kwenye grili ya choo, aliiona puti ile ya zamani mbele ya macho yake na hakuikwangua. Aliifunika. Kama angeitoa, mtu yeyote aliyepita angeona kwamba mbonyeo ni wa zamani, na ingebidi amrudishe mtoto wake nyumbani.

Mama alitoka na chai. Nilimwonyesha tabaka moja baada ya jingine, kwa sauti ninayotumia darasani, kwa sababu sikuwa na nyingine. Alisikiliza. Aliinama akapitisha kidole kwenye ile ya waridi.

“Baba yenu hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu,” alisema. Akaweka kikombe juu ya ukuta, akarudi ndani, na nikasikia mlango wa chumba chake ukifungwa.

Nilimtumia kaka picha, kisha nikampigia. Nilieleza kila kitu kwa mpangilio: kijani, kijivu, nyeupe, waridi. Nilieleza kuhusu Baba na misasa. Nadhani nilitarajia ashangae, au alie, au amlaani Baba nami nipate wa kumtetea. Kuku walisikika upande wake.

“Ya Baba nilijua,” alisema. “Niliona uso wake siku ile. Na kile kishindo ulichosikia?”

Miaka thelathini na sita, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Niliona aibu.

“Sikusikia kitu,” nilisema. “Aliniwekea mkono begani, nikataka auache pale.”



“Sawa,” kaka alisema. “Nitakuja Jumamosi. Mwambie Mama nitalala. Na hapo mahali usipaguse mpaka nipaone.”

Nilimpigia fundi nikamwambia angoje. Ulikuwa msimu wa mvua na chuma kitupu hushika kutu upesi, kwa hiyo nilipaka oili gari zima, nikazunguka madigadi ile bila kuigusa, na nikaifunika kwa mwavuli wangu wa shule.